Umeanguka Wapi?

Mazungumzo na wazee, wazazi na vijana katika ukumbi wa skuli, Chake Chake, Pemba. Yameandikwa kama yalivyosemwa, kwa ajili ya waliokosa kufika.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti havikutosha, ahsanteni kwa kuja. Bwana Sheha, ahsante kwa kuniita. Umenitambulisha hapa kuwa mimi ni dokta mstaafu. Wallahi sijapata kuwa dokta hata siku moja. Mimi nilikuwa mtu wa plasta. Mfupa ukivunjika, dokta anautazama kwenye picha, anaurudisha mahala pake, halafu anasema, "Mpelekeni kwa yule." Yule ni mimi. Kazi yangu ilikuwa ndoo ya maji vuguvugu, bandeji yenye unga mweupe, na subira. Nimeifanya miaka Unguja, nikaja kuimalizia huku kwetu.

Sasa plasta ina jambo moja: haigandi papo hapo. Ukishaizungusha, unakaa na mgonjwa umemshika mkono hivi, au mguu, mpaka ishike. Dakika tano, dakika kumi. Na mtu ukimshika mkono dakika kumi, atasema.

Wameniambia mengi. Madeni, talaka, mashamba ya urithi yasiyogawika. Lakini mwanzo wa maneno ni mmoja kwa wote: "Nimeanguka tu, dokta." Nimeanguka tu! Jee, kuna mtu anayeanguka tu? Hata embe halianguki tu. Ama limeiva, ama chini yake kuna mtoto wa mtu na jiwe.

Na mimi nilikuwa nikiwajibu nini? Nitasema kweli, maana humu ndani mumo mnaoijua. Nilikuwa nikiwajibu, "Kwani hukutazama?" Miaka yote ile. Mzee wa watu kavunjika, mkono umevimba kama mkate wa mofa, na mimi namwuliza hukutazama. Naona mnacheka kule kati. Nyinyi ni wateja wangu, nawajua. Basi niwieni radhi.

Leo nimekuja na swali jengine, fupi kuliko lile. Wapi? Umeanguka wapi?

Swali hili sikulisoma kitabuni. Nilifundishwa na ngazi.

Nilipokwisha kustaafu nilikwenda ofisi moja, sitaitaja, kufuatilia karatasi zangu. Ngazi ya nje, vidato saba. Kupanda nilipanda vizuri. Wakati wa kushuka nina faili mkononi, jua la saa nane liko usoni, nashuka kama mtu mzima anavyoshuka, taratibu. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano. Kwenye cha sita mguu ukakuta hewa. Si shimo, hewa tu, upana wa vidole viwili. Nilipopata fahamu ya mambo niko chini, karatasi zinaruka uwanjani kama njiwa, na mkono wangu wa kushoto umepinda kwenye kifundo mfano wa mgongo wa uma. Nikautazama nikasema moyoni, huu nauangalia kila siku, lakini leo umekuja na mwenyewe.

Nikapelekwa hospitali. Aliyenifunga plasta ni kijana niliyemfundisha kazi kwa mikono yangu hii. Alifanya vizuri, mashaallah, hakukaza, hakulegeza, kidole gumba kakiacha huru kama inavyotakiwa. Alipomaliza akanishika mkono tukasubiri igande. Halafu akaniangalia akasema, "Maalim, kwani hukutazama?"

Nilinyamaza. Mkono ulikuwa unauma, lakini lile neno lilinichoma zaidi, kwa sababu lilikuwa langu.

Plasta ilipotolewa, wiki sita baadaye, nikarudi pale na futi ya fundi seremala. Nikapima. Vidato vyote inchi sita na nusu, kimoja baada ya kimoja, sawasawa. Cha sita, inchi nane. Nadhani fundi alikosea hesabu, zege likamzidi, akamalizia tofauti yake pale. Na mtu anaposhuka ngazi hatazami kila kidato. Anatazama kimoja au viwili vya mwanzo, mguu unajifunza kipimo, vilivyobaki unakwenda kwa kuamini. Mguu wangu uliahidiwa sita na nusu ukapewa nane. Sasa nani mwongo, mguu au ngazi?

Nilipokuwa nimeinama pale, mlinzi akanijia. Nikamwambia nilianguka hapa. Akacheka kidogo, kwa upole, akasema, "Ah, hapo wanaanguka sana, mzee wangu. Juzi mama mmoja na mtoto mgongoni." Wanaanguka sana! Anajua. Na ofisi nzima inajua. Mnajua alichofanya yule mlinzi? Kahamisha kiti chake kukileta karibu na ngazi, ili akiwainua watu asiende mbali.

Ndugu zangu, mlinzi yule ni mwema kuliko wengi wetu. Lakini hebu fikirini: nyumba nzima imepanga utaratibu wa kuinua walioanguka, na kidato hakijaguswa.

Tuna methali inayosema mwenda pole hajikwai. Nimeiamini umri wangu wote. Leo naipinga, na wazee mnisamehe. Mtu akitembea mahali tambarare, mguu unapopita mbele, kidole kinapita juu ya ardhi kwa kiasi gani? Waliopima wanasema sentimita 1, au 2. Hebu tazameni kidole chenu cha mwisho. Upana wake, ndiyo hiyo nafasi. Katika kila hatua uliyopiga tangu nyumbani mpaka hapa, kilichokutenga na kujikwaa ni upana wa kidole cha mwisho. Na mwenda pole jee? Mwenda pole ni mtu mzima, magoti yamechoka, mguu unanyanyuka kidogo zaidi, pengine unakokota. Yule kijana anayekimbilia daladala anaruka kila kitu. Mwenda pole ndiye anayejikwaa!

Ndiyo maana shimo kubwa haliangushi wengi mchana. Shimo kubwa watu wanaliona, wanalizunguka, wanalipa na jina. Kinachoangusha ni kitu kidogo. Kitofali kimoja kilichonyanyuka kwenye vile vilivyopangwa njiani. Mzizi wa mwembe uliopasua saruji. Kipande cha nondo kilichobaki baada ya nguzo kuondolewa. Kamba ya turubai la dukani iliyofungwa kwenye jiwe.

Mnayo methali nyengine, bora mno: usitazame ulipoangukia, tazama ulipojikwaa. Tunaitumia kwenye siasa, tunaitumia kwenye ndoa, tunaitumia biashara ikifilisika. Kwenye kujikwaa kwenyewe hatuitumii! (Na ile isemayo heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, naiheshimu, ila aliyeitunga naona hakuwahi kuvunjika nyonga.)

Sasa nije kwenye jambo lililonikaa kifuani muda mrefu.

Sisi Wapemba tunajua kuanguka. Kuna ukoo gani hapa usiokuwa na mtu aliyeanguka mkarafuu? Tawi la mkarafuu halionyi. Mwembe unalia kwanza, mkarafuu unakatika tu, nawe uko juu na pakacha lako. Na kwa sababu tunajua, tumeweka utaratibu. Mchumaji akianguka, habari zinapelekwa, anathibitishwa, anaandikwa, na ZSTC, lile shirika la serikali linalonunua karafuu, inalipa fidia. Hakuna anayemwuliza kama alilitazama tawi. Tunasema alikuwa kazini, uchumi wa nchi uko juu ya matawi yale. Na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa mkewe mchumaji yule yule. Anatoka sokoni na kikapu, ndani muna muhogo na fungu la dagaa. Anatumbukia kwenye mtaro uliokosa kifuniko. Mguu wake ni mfupa kama mfupa wa mumewe, picha ukiziweka pamoja huzitambui. Nani anamwandika? Anapewa pole tatu njiani, na akifika nyumbani anaulizwa dagaa wako wapi.

Msinifahamu vibaya. Sikuja kudai fidia kwa kila anayejikwaa, hayo wapo wenye kuyajua. Nazungumzia kuandikwa. Hebu tufanye jambo. Nani humu ndani ameanguka njiani mwaka huu, yeye au mtu wa nyumba yake? Inueni mikono. Subhanallah. Mikono yote hiyo! Haya shusheni. Sasa anayejua kuwa kuanguka kule kuliandikwa mahali popote, ya kwamba mtu fulani kaanguka mahali fulani kwa sababu fulani, ainue mkono.

Hakuna.

Hospitali iliandika, ndiyo. Iliandika mfupa gani. Mimi mwenyewe niliandika: mkono wa kushoto, mguu wa kulia, tarehe. Madaftari na madaftari. Hayana hata mstari mmoja wa mtaro gani.

Niwape kisa kimoja cha mtaro. Kilikuwa masika, nimesharudi Pemba. Lori lilikuwa limerudi nyuma juu ya mtaro, kifuniko cha zege kikapasuka, nondo zikatoka nje. Nondo zile hazikukaa siku tatu, mnawajua wanunuzi wa chuma chakavu. Zikabaki kokoto na shimo. Mtu mwema, hatujui nani, akachomeka tawi la mwembe. Na mtaa wote ukajua: penye tawi pana shimo. Tukaridhika. Tawi likakaa, majani yakanyauka, mbuzi wakamaliza yaliyobaki, watoto wakachukua fimbo wakachezea. Tawi likaondoka, shimo likabaki.

Mvua ikaja. Mnaijua ile ya kwetu, inayoshuka na kilima kizima. Maji ya mtaro na maji ya barabara yakawa kitu kimoja, rangi moja, udongo wetu mwekundu umeyageuza kama chai ya maziwa. Mtoto wa kike wa miaka tisa anatoka chuoni. Juzuu yake kaikumbatia kifuani, chini ya ushungi. Mguu mmoja ukapotea.

Mtu akianguka, mikono hutangulia yenyewe. Ndiyo sababu wengi wanavunjika kwenye kifundo cha mkono, mkono unakwenda kuwa ngao. Mtoto yule mikono hakuitoa. Angeitoa, juzuu ingeingia majini. Akaenda na bega, mtulinga ukavunjika.

Alipofika kwangu juzuu ilikuwa kavu. Kona moja tu imerowa, kiasi cha ukucha. Namfunga, analia, na mimi nikadhani ni maumivu. Kumbe anauliza kama kuirowesha ile kona ni dhambi.

Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikamwuliza lile swali langu. Hukutazama? Akanijibu, "Nilitazama. Niliona maji."

Wazazi wangu, jibu lile lilikuwa kamili. Nilikuwa sijalielewa wakati ule. Mama yake alisimama mlangoni anasema, "Ni pale penye tawi, pale palipokuwa na tawi." Mahali palishajulikana. Palishapewa alama. Kilichokosekana ni mtu wa kuliandika tawi lile kabla mbuzi hawajalila.

Nipitie kidogo Unguja, maana huko nako nilijifunza. Mnaukumbuka ule umeme uliokatika kisiwa kizima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010? Miezi 3. Watu wanausimulia kwa jenereta na maji ya kuchota. Mimi naukumbuka kwa magoti. Nyumba za Mji Mkongwe zina ngazi za ndani zilizosimama wima kama ukuta, vidato vya mbao vimelika katikati, na mwanga wake mchana ni kidirisha kimoja. Watu waliozaliwa ndani ya nyumba zile wakaanguka kwenye ngazi zao wenyewe. Na vichochoroni hivyo hivyo. Mtu kapita uchochoro ule miaka hamsini, anadhani anaujua, kumbe aliyekuwa akiujua ni taa.

Lakini Mji Mkongwe una jambo la kujivunia. Yale mabaraza ya mawe yaliyojengwa nje, ubavuni mwa nyumba. Tunayajua kwa kahawa na bao. Mvua kubwa ikinyesha na uchochoro ukawa mto, watu wanapanda juu ya mabaraza na kupita huko, nyumba hadi nyumba, miguu mikavu. Mwenye nyumba alitoa nafasi yake kwa apitaye. Leo sisi tunafanya nini? Kila mwenye duka anamwaga zege mbele ya mlango wake kwa kimo anachopenda yeye. Huyu kapandisha inchi nne, jirani yake inchi saba, wa tatu kateremsha ili pikipiki ipande. Ukipita mbele ya maduka kumi umepanda na kushuka mara kumi, bila ya kufika ghorofani.

Habari za barabara nitazipita mbio, kwa sababu askari wa usalama barabarani wameshazisema hapa na wanazijua kuliko mimi. Neno moja tu. Msimu ukiwa mzuri tunaanika karafuu kando ya barabara, majamvi mita na mita, na harufu yake hakuna mfano. Apitaye kwa miguu anashushwa kwenye lami pamoja na magari. Hataki kukanyaga mali ya mtu. Karafuu iko salama, mtu ndiye yuko barabarani. Wenye majamvi, acheni njia ya mtu mmoja. Mahamali wa zamani na mikokoteni yao walikuwa wakipiga kelele "Habedari!" kabla ya kukufikia. Vespa haisemi kitu, inakufika tu.

Sasa wazee wangu, hili linalofuata ni lenu hasa.

Kuna watu wanaona kuanguka ni habari ya watoto, unajipangusa unakwenda zako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka. Katika ajali zote zisizokusudiwa, inayozidi hiyo kwa kuua ni ajali ya barabarani peke yake. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo viko kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, ndiyo sisi, na wanaokufa zaidi ni waliopindukia miaka 60.

Mtu anakufaje kwa kuanguka chini kutoka kimo chake mwenyewe? Nitakwambieni, kwa sababu niliwaona wakiingia. Mzee mmoja, fundi wa majahazi mstaafu, hodari wa swala ya Alfajiri, hajapata kuikosa jamaa. Msikiti wao alitokea mfadhili, Mungu amlipe, akaufanyia ukarabati. Mahali pa kutawadha palikuwa na sakafu ya saruji kavu, imekwaruza miguu ya babu zetu. Mfadhili akaweka marumaru. Nyeupe, inang'aa, unaona uso wako. Kila mtu akafurahi, na mimi nilikwenda kuitazama.

Marumaru ikiwa kavu haina neno. Na mahali pa kutawadha panakauka saa ngapi? Mzee kamaliza kuosha mguu wa kushoto, kausimamia ule wa kulia, sakafu ina maji, hakuna cha kushika isipokuwa bomba. Akaenda na ubavu. Mfupa wa paja, pale juu unapoingia kwenye nyonga, ukakatika.

Kijana wake alimchukua nyumbani kwanza. Wakamwita mkandaji. Wakaleta mafuta ya makonyo ya karafuu, wakamkanda siku mbili. Nawasihi, kwa hili nawasihi: mtu mzima akianguka, akashindwa kusimama, mkauona mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umelala kwa nje, msimkande. Msiuvute. Mlazeni alivyo, mtafute gari, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Makonyo ni mazuri kwa mgongo uliochoka. Nyonga iliyokatika haitaki mkono wa mtu.

Hakufa kwa mfupa. Alilala. Mtu mzima akilala kitandani wiki na wiki, kifua kinajaa, ngozi ya mgongoni inachubuka, chakula hakitaki. Ramadhani ilipofika hakuwepo. Mola amrehemu.

Na ambaye hakuvunjika naye ana lake. Anaingia hofu. Anasema sitoki tena, nitasali nyumbani. Barazani haonekani. Siku ya pensheni jamii anamtuma mjukuu aulizie kama italetwa nyumbani. Mnamsifu, mnasema mzee katulia. Kumbe miguu ndiyo inayotulia. Mguu usiotembea unapoteza nyama, na mguu uliopoteza nyama unaanguka ndani ya nyumba, baina ya kitanda na choo. Kwa hivyo usimfungie mzee ndani kwa kumhurumia. Mtembeze. Kama macho yana mtoto wa jicho mpelekeni akapasuliwe, asiambiwe ni utu uzima. Kama anameza dawa za presha, akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ahesabu kidogo, ndipo asimame. Na yale malapa yaliyokwisha kisigino, yanayokatika kigumba mkayatia msumari, tupeni. Leo. Msisubiri Iddi.

Kuhusu misikiti, naomba nisieleweke kuwa napinga wafadhili. Naomba jambo dogo: marumaru ya mahali pa maji iwe ya kukwaruza, iko madukani, na bomba la chuma lipigwe ukutani, kimo cha kiuno, mtu apate kushika. Na viatu! Jamani, viatu vyetu mlangoni mwa msikiti. Tunavivua pale pale kwenye kidato, jozi mia, chungu. Watu wanatoka kwa wingi, kila mmoja anatafuta chake gizani, na mzee yuko katikati anakanyaga ndara zinazoteleza. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa imani ina matawi sabini na kitu, na tawi la chini kabisa ni kuondosha chenye kuudhi njiani. La chini kabisa! Na sisi tunapanda kwenda kutafuta la juu, kwa kulirukia la chini pale mlangoni.

Sasa ninachoomba. Bwana Sheha ameshakubali, nilimfuata jana nyumbani.

Hili hapa daftari. Nimelinunua mwenyewe, shilingi mia tano. Nimelipiga mistari mitatu: wapi, lini, nini kilichomkwaza. Jina la aliyeanguka halimo, sitaki mtu aone haya. Litakaa kwa Sheha. Ukianguka, au akianguka mtu wako, au ukiona kifuniko kimepasuka kabla hakijamwangusha mtu, njoo uandike. Asiyejua kuandika atume mtoto. Mahali pakiandikwa mara tatu, ukurasa ule tunaunakili na kuupeleka Baraza la Mji, mkononi, si kwa simu. Tukiwaambia "barabara zetu mbovu" watatujibu bajeti. Tukiwaambia kifuniko kimoja, mbele ya duka fulani, watu watatu, tarehe hizi, hapo tumewapa kazi ya fundi mmoja kwa asubuhi moja.

Na yasiyohitaji Baraza la Mji tuyafanye wenyewe. Nondo ikatwe na mwenye msumeno. Jiwe la turubai lisogezwe. Na kidato ambacho hatuna fedha ya kukivunja na kukijenga upya, tukipake ukingo wake chokaa. Mstari mweupe, upana wa vidole vitatu. Mguu hauoni, lakini jicho likiona mstari linauonya mguu. Chokaa tunayo. Hatujapata kukosa chokaa katika visiwa hivi.

Yupo aliyeniuliza nilipokuwa naingia, kwa nini kanzu yangu ina madoa hapa chini. Ukumbi huu una vidato vinne vya kushukia uwanjani. Nilikuja mapema na futi yangu. Vitatu viko sawa. Cha mwisho mvua imekifukia mchanga, kimekuwa kifupi, inchi tatu tu, mguu unafika chini kabla haujatarajia na goti linapigwa. Nimekitia chokaa baada ya Adhuhuri. Bado haijakauka sawasawa, kwa hivyo mwenye kanzu nyeupe hana wasiwasi, mwenye buibui ashike pindo.

Vijana wawili wa kule nyuma, tangulieni. Mmoja asimame kulia, mmoja kushoto, muwape watu mkono. Wengine subirini kwenye viti vyenu, tusisongamane mlangoni. Haya, mzee wangu mwenye bakora, wewe kwanza. Bismillahi.